Manukuu ya televisheni

Manukuu ya televisheni (pia: maandishi ya chini ya skrini) ni maandishi yanayoonyeshwa kwenye televisheni ili mtazamaji asome yale yanayosemwa katika kipindi. Manukuu ambayo mtazamaji anaweza kuyawasha na kuyazima huitwa manukuu fiche. Manukuu ya wazi yamechapwa juu ya picha yenyewe, hivyo hayawezi kuondolewa.

Maandishi ya tafsiri ya filamu humlenga mtu anayesikia lakini hajui lugha ya filamu, kwa hiyo huandika mazungumzo tu. Manukuu fiche yalibuniwa kwa ajili ya viziwi na watu wasiosikia vizuri. Hivyo hutaja pia anayezungumza na sauti nyingine, kwa mfano [mlango unagongwa] au [muziki]. Hutumiwa vilevile na wanaojifunza lugha na katika sehemu zenye kelele.

== Historia ==
Nchini Marekani, kituo cha WGBH cha Boston kilirusha kipindi cha mapishi cha Julia Child, ''The French Chef'', kikiwa na manukuu ya wazi mwaka 1972. Manukuu fiche yalianza kurushwa kwa ratiba ya kawaida tarehe 16 Machi 1980 katika vituo vya ABC, NBC na PBS. Wakati huo mtazamaji alipaswa kununua kifaa cha pekee cha kuyasoma. Sheria iliyopitishwa mwaka 1990 iliondoa gharama hiyo: kuanzia Julai 1993 kila televisheni ya inchi 13 au zaidi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ilitakiwa kuwa na uwezo huo ndani yake.

Nchini Uingereza manukuu yalipitia huduma ya maandishi ya BBC iliyoitwa Ceefax. Mtazamaji alibonyeza namba 888 kwenye rimoti.

== Jinsi yanavyofanya kazi ==
Manukuu fiche husafiri pamoja na picha na sauti, lakini kama data ya pekee. Katika matangazo ya analogia ya Marekani data hiyo iliwekwa kwenye mstari wa 21 wa mawimbi ya picha, sehemu isiyoonekana kwenye skrini. Katika matangazo ya dijitali data huwa ndani ya mkondo wa kipindi. Chombo kinachopokea matangazo ndicho huyageuza kuwa maandishi.

Kwa vipindi vilivyorekodiwa, manukuu huandaliwa mapema. Kwa matangazo ya moja kwa moja huandikwa papo hapo na mwandishi wa hatimkato, au kwa programu ya kompyuta inayotambua sauti. Ndiyo sababu manukuu ya habari huchelewa kwa sekunde kadhaa na huwa na makosa zaidi.

== Kuwasha na kurekebisha ==
Rimoti nyingi zina kitufe chenye herufi CC au neno SUBTITLE. Kisipokuwepo, manukuu hupatikana kwenye menyu ya mipangilio, mara nyingi katika sehemu ya lugha au ya ufikivu. Chaneli ikiwa na manukuu ya lugha zaidi ya moja, mtazamaji huchagua anayoitaka.

Vyombo vingi vya dijitali huruhusu kubadili:
* ukubwa wa herufi;
* aina na rangi ya herufi;
* rangi ya mandharinyuma na kiasi cha uangavu wake.

Herufi nyeupe au za njano juu ya mandharinyuma meusi husomeka kwa urahisi hata picha inapokuwa na mwanga mwingi. Herufi kubwa humfaa mwenye macho hafifu, lakini hufunika sehemu kubwa zaidi ya picha.

== Manukuu yasipoonekana ==
Sababu ya kawaida ni kuwasha manukuu katika chombo kisichohusika. Televisheni ikiunganishwa na king'amuzi kwa waya wa HDMI, waya huo hubeba picha na sauti bila data ya manukuu fiche. Hapo manukuu huwashwa kwenye menyu ya king'amuzi kwa kutumia rimoti yake. Programu za intaneti kama Netflix na YouTube nazo zina mipangilio yake. Ikiwa manukuu yanaonekana katika kipindi kimoja na kukosekana katika kingine, huenda kipindi hicho kimerushwa bila manukuu, na hakuna kitufe kinachoweza kuyaleta.

== Haki ya kupata habari ==
Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba watu hao wanapata vipindi vya televisheni kwa njia zinazowafaa. Nchini Kenya, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliviagiza vituo vyote vya televisheni kuweka mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa.

Njia hizo mbili hazilingani kwa kila mtu. Kiziwi asiyejua kusoma humtegemea mkalimani. Mzee aliyepoteza usikivu ukubwani kwa kawaida hajui lugha ya ishara, na kwake manukuu ndiyo njia ya kufuata habari, zikiwemo tahadhari za mafuriko au magonjwa.

== Tazama pia ==
* Lugha ya ishara
* Televisheni
* Uziwi