Gunia la Mahindi na Chungu cha Busaa

  

Kila tunapozungumzia chakula, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: gunia la mahindi likishika ukungu, si tunaweza kulipikia busaa badala ya kulitupa? Jibu ni hapana. Lakini hapana peke yake haimsaidii mama aliyetoa pesa yake yote kununua gunia hilo. Kwa hivyo leo tutarudi nyuma kidogo, tuone jinsi nafaka ya pombe ilivyotoka katika shamba la nyanya zetu ikaja kupakiwa kwenye lori.

Zamani hapa Turkana, mtama ulikuwa kazi ya wanawake. Waliupanda mahali maji ya mvua yalipofurika, kando ya Turkwel, kando ya Kerio na kwenye vijito vinavyokauka baadaye. Shamba lilikuwa la mama. Mtama wenyewe ulikuwa wa kukomaa upesi, miezi miwili au mitatu, maana mvua ya huku haimngojei mtu. Mavuno yakiwa mabaya, mbuzi alibadilishwa kwa mtama kutoka kwa majirani. Pombe ilipikwa pale mtama ulipobaki, kwa wazee na kwa sherehe. Usipobaki, hakuna pombe. Nisiseme kwamba ukungu haukuwepo siku hizo. Ulikuwepo. Lakini mama alijua punje yake ilivunwa lini, ilikaukia wapi na ililowa siku gani.

Nafaka ya kutoka mbali tuliizoea polepole. Wazee wa Lokitaung wanakumbuka kituo cha serikali ya kikoloni. Hapo ndipo Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walipofungwa hadi 1959, kabla ya kupelekwa Lodwar. Kenyatta, akiwa mzee kuliko wenzake, alipewa kazi ya kuwapikia. Unga wa wafungwa na askari haukulimwa hapa; ulisafirishwa kutoka kusini. Kwa raia wa kawaida, hata hivyo, mahindi yalikuja kwa wingi na njaa. Ukame na maradhi ya mifugo ya miaka ya 1979 hadi 1981, ule wakati unaoitwa Lopiar, uliwamaliza ng'ombe na mbuzi, na makumi ya maelfu ya watu wakaenda kwenye kambi za msaada. Huko walipimiwa mahindi. Mama aliyekuwa amezoea maziwa akajikuta na punje ngumu za manjano au nyeupe, na akajifunza la kufanya nazo.

Mojawapo ya aliyojifunza ni biashara ya busaa. Sitamlaumu mtu hapa. Mifugo ikiisha, pesa ya busaa ndiyo hununua sare ya shule na dawa. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa, unakaangwa kwenye bati, kisha unachanganywa na kimea cha wimbi au cha mtama na kuachwa uchachuke tena. Bia ya chupa huwekwa hopsi, ua chungu linalozuia bia kuharibika upesi. Ndiyo maana kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1922, ile ya Tusker, iliweza kusafirisha bia yake mbali. Busaa haina hopsi. Ikikaa siku moja au mbili baada ya kuiva, imeharibika.

Sasa angalia jambo hili kwa makini, mama. Kwa kuwa busaa haikai, muuzaji hupika kidogo kidogo, tena na tena. Na kwa kuwa kununua kwa gorogoro ni ghali kuliko kununua kwa gunia, ananunua gunia zima la kilo 90 kutoka kwa lori la Kitale, au wanawake wanachanga na kugawana. Gunia hilo linasimama kwenye kona ya nyumba, juu ya udongo, majuma kadhaa. Huenda lililowa njiani turubai ilipopasuka, au mahindi yalivunwa mabichi. Mama wa leo hajui. Ile habari ya punje ambayo nyanya yake alikuwa nayo, yeye hana.

Tulikwisha kuona matokeo yake nchini kwetu. Mwaka 1981 huko Machakos, watu 20 waliugua baada ya kula mahindi yenye ukungu, na 12 wakafariki. Halafu mwaka 2004 ikaja kubwa zaidi, Makueni na Kitui hasa: wagonjwa 317, na waliofariki 125. Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna, na watu, kwa kuogopa wezi, wakahifadhi mahindi yakiwa na unyevu ndani ya nyumba. Mengine yaliuzwa, yakafika sokoni. Sampuli za sokoni zilipopimwa, zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa. Kwa hivyo hata asiyelima aliupata ugonjwa kwa pesa yake mwenyewe. Macho yalikuwa manjano, tumbo likavimba, mtu akatapika. Ini lilikuwa limekufa.

Sumu hiyo inaitwa aflatoksini. Inatengenezwa na ukungu, lakini ukungu ukipanguswa sumu hubaki ndani ya punje. Moto wa jikoni hauimalizi. Kuchachuka huipunguza kidogo tu, wala huwezi kujua imebaki kiasi gani. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na watoto wanaoila mara kwa mara wameonekana kudumaa. Hupita pia katika maziwa ya mama, na katika maziwa ya mbuzi aliyelishwa mahindi hayo. Ndiyo sababu jibu letu la mwanzo lilikuwa hapana, na hapana hiyo inahusu chungu, sufuria na zizi pia.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema hewani, lakini nitalisema. Wakati wa njaa, machicha ya busaa hupewa watoto. Mama anayefanya hivyo amekosa kitu kingine, nalijua hilo. Lakini machicha yana pombe, na kama nafaka ilikuwa na sumu, nayo imo. Mtoto analala, unadhani ameshiba. Afadhali kigorogoro kimoja cha nafaka safi kitolewe kwenye gunia siku linapofunguliwa, kiwekwe kando kwa uji, kabla chungu hakijawekwa motoni.

Na tahadhari ya mwisho ni juu ya mbegu. Mwaka 1971 nchi ya Iraq ilipokea shehena kubwa ya ngano na shayiri za kupanda, zilizotiwa dawa yenye zebaki na kupakwa rangi ya waridi. Onyo kwenye magunia mengi liliandikwa kwa lugha za kigeni. Njaa ilikuwepo, na wakati wa kupanda ulikuwa umepita. Watu wakaziosha, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka, wakaoka mikate. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitalini na 459 wakafariki humo. Watoto waliokuwa tumboni walizaliwa na ubongo ulioharibika. Basi ukiuziwa kwa bei ya chini mahindi au mtama mwekundu, wa waridi, wa kijani au wa buluu usio wa kawaida, hiyo ni mbegu iliyotiwa dawa. Haioshwi ikawa chakula, haipikwi ikawa busaa.

Kabla ya kutoa pesa ya gunia, mwombe muuzaji akufungulie. Ingiza mkono hadi katikati, si juu tu. Nusa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka yafike thuluthi yake na chumvi kavu vijiko viwili, ufunge, utikise vizuri, kisha uiache dakika 15. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi yana unyevu: usinunue, au uyaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, kabla ya kuyaweka. Gunia likae juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta. Chagua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoliwa na wadudu, uzizike mahali mbuzi na kuku hawafiki.

Na ukiona mtoto au mtu mzima mwenye macho ya manjano baada ya kula au kunywa kitu cha nafaka, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini, na ubebe kiganja cha nafaka hiyo kwenye mfuko ili waione.