Kanisa na Shule Iliyo Jirani: Kilosa na Mikumi

Historia ya Kanisa katika nchi hii haiwezi kutenganishwa na historia ya shule. Popote mwinjilisti alipofika, mara nyingi mwalimu alikuwa ni yeye yule: alifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha katekisimu, chini ya paa lile lile la nyasi. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya shule za msingi ilikuwa bado mikononi mwa misheni, zikisaidiwa na ruzuku ya serikali.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliubadili utaratibu huo. Kuanzia mwaka 1970 shule nyingi za madhehebu zilikabidhiwa serikali, ili mtoto apokelewe bila kuulizwa dini yake. Waumini wengi waliona uchungu, nao si wa kulaumiwa. Matofali yale waliyabeba kwa vichwa vyao. Lakini uchungu huo ulizaa mazoea mabaya. Shule ikawa “ya serikali”, maana yake si yetu, na dirisha lililovunjika likasubiri fundi kutoka wilayani.

Mazoea hayo hayana mizizi katika mafundisho ya Kilutheri. Mwaka 1524, shule za watawa zilipokuwa zikidhoofika nchini Ujerumani na wazazi wakiwatoa watoto wao, Martin Luther hakuwaandikia maaskofu. Aliwaandikia madiwani wa miji yote. Hoja yake ilikuwa kwamba mji unaotumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja haukosi fedha za kuwalipa walimu. Akaenda mbali zaidi: hata kama kusingekuwako mbingu wala jehanamu, shule zingehitajika kwa wavulana na wasichana, kwa ajili ya maisha ya dunia hii tu. Kwa Luther, basi, shule ya mji ni wajibu wa Mkristo hata kama si mali ya Kanisa.

Katika Wilaya ya Kilosa hoja hiyo ina uzito wa pekee. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda ni wenyeji wa zamani. Reli ya Kati, iliyojengwa wakati wa Wajerumani, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko viliwaleta watu wa makabila mengi. Wafugaji nao wana vijiji vyao, kama Parakuyo na Twatwatwa. Ujirani huo haukuwa wa amani siku zote. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uligharimu maisha ya watu zaidi ya 30.

Baada ya msiba wa namna hiyo, ni wapi mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wataketi pamoja kila siku kwa miaka mingi? Si kanisani, kwa maana si wote ni Wakristo. Wala si katika seminari zetu nzuri zenye ada, ambazo wengi hawaziwezi. Ni katika dawati la shule ya msingi ya umma. Dawati hilo likikosekana, wote wawili huketi sakafuni, au mmoja wao harudi tena.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, uliipa kamati ya shule kazi ya kusimamia fedha na ujenzi, na nguvu za wananchi zilitegemewa. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilifika hadi kidato cha nne. Ni jambo la kushukuru, ingawa wako walioelewa kwamba sasa mzazi amepumzika. La hasha! Sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki juu ya mzazi, na mtoto mwenye njaa hasikii hesabu.

Mikumi inao mfano ulio karibu. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa hapo mwaka 1964, na Shirika la Hifadhi za Taifa lina mpango uitwao Ujirani Mwema, unaosaidia vijiji vya jirani katika miradi kama ujenzi wa madarasa, wanakijiji nao wakitoa mchango wao. Ikiwa walinzi wa tembo na simba wamejiita majirani, usharika utajiitaje? Unao mafundi seremala, wazee wa kanisa wanaoweza kuingia katika kamati ya shule, na akina mama wanaopikia umati wa watoto kila Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Na mahindi yaletwayo madhabahuni wakati wa Sikukuu ya Mavuno, kabla hayajapigwa mnada yote, baraza la wazee laweza kuamua magunia kadhaa yavuke uzio, yapelekwe jikoni mwa shule.