Umeme Upandao Juu ya Wingu

Kwa Kiswahili radi hupiga na umeme humulika, na vyote viwili tumezoea kuvitazamia kutoka juu kuja chini. Je, mtu akisema ameuona umeme ukiwaka juu ya wingu, tumsadiki?

Historia yatufunza tusimpuuze. Tangu karne ya 19 watu walisimulia mianga ya namna hiyo, lakini wataalamu wengi hawakuwatilia maanani. Mwaka 1925 mwanafizikia wa Uskoti, C.T.R. Wilson, alieleza kwamba nguvu ya umeme ya wingu kubwa yaweza kuwasha hewa nyembamba iliyo mbali juu yake. Maneno yake yalikaa miaka 64 bila picha. Ndipo usiku wa tarehe 6 Julai 1989 John Winckler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipokuwa wakijaribu kamera ya nuru hafifu, wakainasa mianga hiyo bila kuitafuta. Leo huitwa spraiti.

Spraiti huwaka na kuzimika kabla jicho halijapepesa, yapata kilomita 50 hadi 90 kutoka ardhini. Wekundu wake watokana na naitrojeni. Elektroni zenye kasi huigonga na kuipasua. Vipande vyake vikikutana na oksijeni hufanyika oksidi za naitrojeni, ambazo huweza kuila ozoni, ngao yetu dhidi ya miale mikali ya jua. Hata hivyo, vipimo na hesabu za wataalamu zaonyesha kwamba kiasi chake ni kidogo. Radi ya kawaida hufanya oksidi nyingi zaidi.

Jambo hili latuhusu. Utafiti wa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kongo ya mashariki, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Wakazi wengi wa kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi, wametoka Kongo na Kiswahili chao. Tena aliye chini ya wingu haioni spraiti. Huiona aliye mbali. Atazamaye kutoka Area 25, Lilongwe, dhoruba iliyo mbali sana upeoni, ana nafasi kuliko anayenyeshewa.

Basi mwanafunzi akisimulia moto mwekundu juu ya wingu, mwalimu asimcheke. Amwulize saa, upande na rangi, kisha ayaandike maneno yake kama yalivyo.