Alama za Mahudhurio Katika Mafunzo ya Tiba: Zinapima Nini?

Mwanafunzi wa udaktari asipofika wodini, mzigo wake humwangukia mwenzake, na mgonjwa husubiri. Ndiyo maana baadhi ya vyuo hutenga alama kwa mahudhurio na kwa semina za kujiendeleza kitaaluma. Nia hiyo naiunga mkono kwa dhati. Njia yake ndiyo ninayoipinga.

Watetezi wa alama hizo wana ushahidi wa kuegemea. Mwaka 2005 nchini Marekani, Papadakis na wenzake waliwalinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za udaktari na wengine 469 wasioadhibiwa. Waliokuwa na rekodi ya utovu wa weledi tangu chuoni walikuwa na uwezekano wa takriban mara 3 wa kuwa miongoni mwa walioadhibiwa, na dalili nzito kuliko zote ilikuwa kutowajibika kulikokithiri. Mwaka huohuo, Stern na wenzake walionyesha kwamba hata kutojaza fomu za kutathmini kozi, au kutowasilisha taarifa za chanjo, kulibashiri matatizo ya weledi wodini baadaye.

Lakini dalili hizo zina thamani kwa sababu zinafichua tabia ya mtu pale asipotarajia malipo. Tukishazilipia alama, tunabaki na saini. Mmoja atasaini kisha aondoke kabla raundi haijafika kitanda cha pili. Mwingine atasainiwa na rafiki yake.

Hesabu yenyewe inatisha zaidi. Tuseme mahudhurio yana alama 5 katika 100, na kufaulu ni 50. Aliyepata 46 kati ya 95 za maarifa na ujuzi ameshindwa, ila akiongezewa 5 zake anavuka, na kesho ataandika dawa. Mwenye 80 anaweza kuzipoteza zote 5 bila kujali: mfumo umemuuzia ruhusa ya kutofika.

Mahudhurio yawe sharti la kufanya mtihani. Asiyelitimiza arudi wodini kufidia siku zake, hata akiwa wa kwanza darasani. Aliyeugua au kufiwa apangiwe muda mwingine bila kuadhibiwa.

Kujiendeleza kunastahili alama, ila si kwa kuhesabu vyeti vya semina. Papadakis aligundua pia kwamba wanafunzi walioshindwa kujirekebisha walikuwa katika hatari kubwa ya kuadhibiwa baadaye. Hilo linapimika: mwanafunzi aliyeambiwa wiki ya pili kwamba anamkatiza mgonjwa anapochukua historia ya ugonjwa, je, wiki ya sita bado anamkatiza? Jibu linahitaji msimamizi mmoja aliyemshuhudia mara zote mbili na kuandika alichokiona. Katika hospitali ambayo daktari bingwa mmoja anazungukwa na wanafunzi wengi huku foleni ya kliniki ikimngoja, muda wa kufanya hivyo hautapatikana kwa hisani yake. Chuo kiuweke katika ratiba na kiuhesabu kuwa sehemu ya mzigo wake wa kufundisha, sawa na mihadhara.