Methadoni: kutoka maabara ya Hoechst hadi dirishani Muhimbili

Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kuwanywesha methadoni waraibu wa heroini. Mauritius ilikuwa imetangulia mwaka 2006, lakini kwa nchi za Afrika bara zilizo kusini mwa Sahara huo ulikuwa mpango wa kwanza wa umma. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar. Kenya ilianzia Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata ikafungua vituo Malindi na Mombasa.

Dawa yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya waraibu. Wakemia wa Kijerumani, Max Bockmühl na Gustav Ehrhart, waliiunda katika kiwanda cha Hoechst mwishoni mwa miaka ya 1930 wakitafuta dawa ya maumivu. Ujerumani iliposhindwa vitani, Marekani ilitwaa hataza zake, na mwaka 1947 kampuni ya Eli Lilly ikaanza kuiuza kwa jina la Dolophine.

Mwaka 1964, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, Dk. Vincent Dole na daktari wa akili Marie Nyswander walijaribu kwanza kuwapa waraibu mofini. Wagonjwa walisinzia, wakaamka wakidai nyingine. Walipopewa methadoni walitulia, wakaanza kuzungumzia masomo na kazi. Matokeo ya wagonjwa 22 yalichapishwa mwaka 1965.

Siri ni muda. Heroini huisha mwilini baada ya saa chache, arosto (mateso ya kuikosa dawa) ikarudi na mtu akatoka tena kusaka kete ya heroini. Methadoni hukaa zaidi ya siku nzima, hivyo dozi moja kwa siku huzuia arosto, na ikifikia kiwango cha kutosha hata unga, yaani heroini, haumpi mtu stimu. Kwa miji ya pwani, ambako heroini iliingia miaka ya 1980 ikivutwa kabla ya sindano kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, kikombe cha dawa kilimaanisha pia kuepuka sindano za kuchangia, zilizoeneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Ila kukaa huko mwilini ndiko kunakoua. Dozi ya Jumatatu bado ipo ya Jumanne inapoingia. Anayeanza hupewa miligramu 10 hadi 30, kisha huongezewa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Hatari ipo kwa mgonjwa ambaye siku za mwanzo bado anasikia arosto, akaongezea unga, pombe au Valium juu yake. Pumzi hupungua usingizini, saa nyingi baada ya kunywa. Dawa ya naloksoni huweza kumzindua, lakini yenyewe huisha mapema kuliko methadoni, kwa hiyo aliyezinduka asiachwe bila uangalizi.

Uingereza ilijifunza kwa gharama. Wengi walipewa dawa waende nayo nyumbani, nyingine ikaishia mikononi mwa wasio wagonjwa. Kunywa mbele ya mhudumu kulipoenea, vifo vikilinganishwa na kiasi cha dawa kilichotolewa vilishuka angalau mara 4 kati ya 1993 na 2008. Muhimbili nako, mpango ulipoanza, mgonjwa alinywea pale pale dirishani.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ unaonyesha faida: katika kila watu 1,000 kwa mwaka, waliokufa kwa kuzidisha dozi walikuwa takriban 2.6 wakiwa kwenye methadoni, na 12.7 wakiwa wameiacha. Wiki 4 za kwanza za tiba ni za hatari. Wiki 4 za kwanza baada ya kuiacha ni za hatari zaidi, kwa kuwa mwili umesahau dozi kubwa.

Kwa hiyo ndugu msimharakishe mgonjwa wenu aache dawa ati amekwishapona. Aliyekosa siku kadhaa amweleze mhudumu ukweli ili dozi ipunguzwe kwanza, na anayetumia dawa za kifua kikuu aseme, maana rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni. Mkimkuta anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki, msimwache alale. Mkimbizeni hospitali.