Dawa Bandia au Dawa Nafuu? Neno Lililofika Mahakamani

Chukua pakiti ya dawa iliyoko nyumbani kwako, usome yale maandishi madogo. Huenda imetengenezwa India. Kuvuka kwake bahari ni suala la sheria, na Kenya iliwahi kukaribia kuufunga mlango huo kwa neno moja tu: bandia.

Turudi nyuma kidogo. Kufikia mwaka 2000, ARV za kampuni zenye hataza ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuzia Médecins Sans Frontières kwa dola 350. Hizi ni dawa jeneriki: kemikali inayotibu ni ileile, ila mtengenezaji ni mwingine na bei iko chini. Mwaka huohuo Kenya ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyoruhusu kuagiza dawa zinazouzwa kihalali nchi nyingine kwa bei nafuu.

Halafu ikaja sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia. Nia yake ilikuwa njema. Nani anataka kumeza chaki? Shida ilikuwa tafsiri. Bandia ilihusisha hata bidhaa inayofanana mno na ile yenye haki miliki, iwe haki hiyo iko Kenya "au kwingineko", kama mwenyewe hakutoa idhini. Sasa fikiria: jeneriki kazi yake ni kufanana! Dawa salama kabisa ingeweza kukamatwa bandarini.

Mwaka 2009, watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi. Kwao haikuwa mjadala wa kamusi. ARV humezwa kila siku. Ukikatiza, virusi huongezeka tena na vinaweza kuwa sugu.

Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki ya kuishi, utu na afya inatangulia haki miliki, na vifungu vile visitumike kuzuia dawa jeneriki.

Kwa hiyo, dawa ya nje ikifika mpakani, kuna maswali mawili. Je, ni salama? Hilo hujibiwa kwa vipimo vya maabara. Je, nani ana haki ya kuitengeneza? Hilo ni la wanasheria. Ukiyachanganya, anayelipa ni mgonjwa.