Rumba Iliyopewa Jina la Ngoma: Dansi katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Historia ya salsa husimuliwa kwa kawaida kama historia ya miji miwili, Havana na New York, na msimulizi anayejaliwa kufika Afrika huishia Kinshasa. Upo hata hivyo ukoo mwingine wa muziki huo ambao ulikulia katika kumbi za Kinondoni, Ubungo, Sinza na Chang'ombe, nje ya kitovu cha zamani cha Dar es Salaam, na ambao wenyeji wake hawakuuita salsa bali dansi.

Mzizi wa koo zote mbili ni muziki wa Kuba uitwao son (neno lisilohusiana kabisa na soni ya Kiswahili), uliochipuka mashariki mwa kisiwa hicho mwishoni mwa karne ya 19 miongoni mwa wakulima na wazao wa watumwa, katika nchi ambayo utumwa ulifutwa mwaka 1886 tu. Wengi wa watumwa hao walitoka eneo la Kongo na Afrika Magharibi, lakini wamo pia waliopakiwa katika bandari za Msumbiji na kuandikwa Kuba kwa jina la Macuá, yaani Wamakua, watu ambao ndugu zao wanaishi hadi leo kusini mwa Tanzania. Bendi za mwanzo za son zilitumia gitaa, bongo, vijiti viwili vya kugonganisha mapigo matano yanayoshikilia wimbo mzima, na sanduku lenye vipande vya chuma vya kudonoa kwa vidole, marimbula, ambalo ni ndugu wa ilimba ya Wagogo na ambalo jina lake halihitaji mkalimani Uswahilini. Wimbo wa son huanza kwa beti zinazoimbwa kwa utulivu, kisha huingia sehemu ya pili, montuno, ambamo kiongozi na waitikiaji hujibizana juu ya mapigo yanayozidi kupamba moto. Muundo huu wa sehemu mbili ndio wa kukumbukwa hapa, kwa kuwa ndio uliovuka bahari ukiwa mzima.

New York iliupokea son pamoja na mambo na chachacha, na vijana wa Puerto Rico na Kuba waliohamia huko wakauchanganya na jazi. Kampuni ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco akishirikiana na Jerry Masucci, ndiyo iliyousambaza mchanganyiko huo kwa jina la kibiashara la salsa, neno la Kihispania lenye maana ya mchuzi. Wakati jina hilo linapata umaarufu, miaka ya 1970, wakazi wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuucheza muziki wa Kuba kwa kizazi kizima.

Uliwafikia kwa njia ya santuri. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú ilirekodi wimbo wa muuza karanga, El Manisero, uliovuma dunia nzima, na kuanzia mwaka 1933 kampuni ya gramafoni ya Uingereza ilianza kutoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa santuri za Kuba zenye alama ya GV, ambazo zilienea kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo na pwani ya Afrika Mashariki. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1930 iliundwa Dar es Salaam Jazz Band, ambayo neno jazz katika jina lake, kama katika majina ya bendi nyingi zilizofuata, halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi bali lilimaanisha tu bendi yenye ala za kisasa. Dansi nayo ilikuwa na maana mahususi: tofauti na ngoma, ambayo huchezwa uwanjani na jamii iliyokusanyika kwa sherehe, dansi huchezwa ndani ya ukumbi, kwa kiingilio, mwanamume na mwanamke wakishikana wawili wawili. Huko Morogoro, Salum Abdallah, ambaye inasimuliwa kuwa alipokuwa kijana alitoroka nyumbani akiwa na nia ya kwenda Kuba akaishia Mombasa, aliita bendi yake Cuban Marimba, na nyimbo zake za chachacha na bolero zilipigwa redioni na kuigwa Dar es Salaam hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1965.

Dansi ya mwanzo ilikuwa ya katikati ya mji, yaani Kariakoo, mtaa wa Waafrika katika mji uliogawanywa na wakoloni kwa rangi, na Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, na mji ukaanza kuitambalia nchi ya Wazaramo iliyouzunguka. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu wakazi wapatao 129,000. Ile ya mwaka 1967 ilihesabu zaidi ya 270,000. Mashamba ya minazi na mihogo yaligeuka mitaa, na viwanda vikajengwa kandokando: kiwanda cha sigara Chang'ombe, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Vitongoji vilikuwa na vitu viwili ambavyo Kariakoo haikuwa navyo kwa pamoja, wafanyakazi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na nafasi ya kutosha kwa baa yenye ua mpana wa kuchezea nje chini ya anga, na dansi ikavifuata vitu hivyo.

Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, Julius Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza rumba na chachacha lakini wengi wao hawakuwahi hata kusikia ngoma kama Gombe Sugu au Lele Mama, na katika hotuba hiyohiyo akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Kilichofuata hakikuwa kufa kwa rumba. Miaka miwili baadaye chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, kikanunua ala na kuwalipa wanamuziki mshahara kama waajiriwa wengine, na mfano huo ukaigwa na jeshi, polisi, umoja wa vijana wa TANU, kiwanda cha Urafiki na hata Shirika la Bima. Mwanamuziki wa kawaida hakuweza kumiliki gitaa la umeme wala spika zilizoagizwa nje, kwa hiyo muziki ambao kiongozi wa nchi aliutaja kuwa wa kigeni uliishi kwa fedha za taasisi za nchi hiyohiyo.

Rumba nayo ilijibu hoja ya Rais kwa namna yake. Kila bendi ilikuwa na mtindo, neno linalojumuisha upigaji wa bendi na hatua za uchezaji wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Urafiki walikuwa na Chakachua, na NUTA walichagua Msondo, jina la ngoma ya unyago. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo ya wafanyakazi, ambayo wakati huo ilikwisha kuitwa JUWATA, wakiongozwa na Muhiddin Maalim Gurumo, walihamia baa ya Mlimani Park karibu na Chuo Kikuu na kuunda Mlimani Park Orchestra, ambayo baadaye ilimilikiwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mtindo wao waliuita Sikinde, ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi ambayo vitongoji hivyo vilijengwa juu yake. Wimbo wa Sikinde huanza polepole kwa masimulizi marefu, mara nyingi ya ndoa, wivu au deni, kisha magitaa hubadilika, tumba hupanda na wachezaji huachiana mikono: hapo ndipo penye chemko. Mwenye masikio ataitambua montuno ya Kuba, ingawa mpiga tumba aliyekulia Uzaramoni alikuwa na walimu walio karibu zaidi kuliko Havana.

Kinondoni ilikuwa na sura nyingine, kwa sababu huko upepo wa Kongo ulivuma kwa nguvu. Orchestra Maquis du Zaire, iliyotoka Katanga ikapitia Uganda na kuingia Dar es Salaam mwaka 1972, ilijikita katika ukumbi wa Lang'ata kwa mtindo wake wa Kamanyola, wakati Vijana Jazz ya Hemedi Maneti ilikuwa na maskani yake Ukumbi wa Vijana. Wakongo walikuwa wamezisikia santuri za GV mapema na kuhamishia piano na tarumbeta za Kuba kwenye nyuzi za gitaa, hivyo Dar es Salaam iliupokea muziki wa Kuba mara mbili, mara ya pili ukiwa umepikwa upya Kinshasa na Lubumbashi. Ndiyo maana Fania All-Stars, bendi ya kampuni ya Fania, wakiwa na mwimbaji Celia Cruz, walipotumbuiza Kinshasa mwaka 1974, walijikuta mbele ya umati uliouelewa muziki wao kabla ya kufundishwa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kuongoza Super Matimila, aliacha jina lake juu ya ardhi yenyewe, kwa kuwa kituo kimojawapo cha daladala cha Sinza kinaitwa Kwa Remmy hadi sasa.

Mashirika ya umma yalipodhoofika na redio binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990, bendi nyingi zilikufa. Kinondoni iligeukia bendi ya African Stars, iitwayo pia Twanga Pepeta, na maonyesho yao ya Mango Garden, ambako sehemu ya kasi ya wimbo ilirefuka na masimulizi yakafupika, huku Temeke ikiukumbatia mchiriku na baadaye singeli, iliyozikimbiza kinanda na ngoma kwa mwendo ambao hakuna wawili wanaoweza kuuchezea wakiwa wameshikana. Waliobaki na rumba ya zamani ni Sikinde na Msondo, bendi mbili hasimu ambazo mashabiki wake hawachangamani kirahisi kuliko wa Simba na Yanga, na ambazo ukumbi wa TCC Chang'ombe umezipokea mara nyingi. Salsa yenyewe, kwa jina hilo, hufundishwa upande wa Masaki na Oysterbay, ambako mwanafunzi huhesabiwa hatua hadi nane na kukatazwa kukanyaga ya nne na ya nane. Chang'ombe hapahesabiwi kitu. Mchezaji humsikiliza mpiga tumba, na wimbo ukikaribia chemko humwachia mwenzake mkono.